Bastola ndogo, bei poa: miongozo ya wanunuzi inapima nini hasa?

Miezi michache iliyopita, rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Houston, Texas. Anaendesha teksi usiku. Wiki hiyo abiria alikuwa amemwekea kisu shingoni, akaondoka na simu yake na dola zisizofika 80. "Kaka, wewe si ndiye mtu wa takwimu? Nimechoka kuwa mnyonge. Nataka bastola ndogo ya kubeba kiunoni bila mtu kuiona, isizidi dola 400. Nichagulie." Akaambatanisha miongozo mitatu ya wanunuzi, ile ya "bastola kumi bora za kubeba kwa siri".

Mimi sijawahi kushika bastola. Ninachojua ni kusoma vipimo na kuuliza vimepatikanaje. Basi nikaisoma yote mitatu, halafu nikasoma mingine kumi na kitu. Leo nataka tuikague pamoja, mimi na wewe, kama tunavyokagua makala ya kisayansi: imepima nini, imepima vipi, na imeacha nini nje.

Kwanza tuweke mazingira sawa. Tunazungumzia Marekani. Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea asiyezuiwa na sheria nyingine anaweza kubeba bastola hadharani bila kibali. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bruen, iliamua kuwa katiba inalinda haki ya kubeba silaha nje ya nyumba. Lakini wewe mwanafunzi unayejiandaa kwenda kusoma huko, sikia vizuri: sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kumiliki bunduki au hata risasi, ukiacha mianya michache kama ya leseni ya uwindaji. Rafiki yangu ana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria inamruhusu. Hata hivyo, kampuni anayoiendeshea teksi inakataza dereva kuwa na silaha garini. Hilo la kampuni hakulisoma kwenye mwongozo wowote. Nilimwambia mimi.

Tuwe waungwana

Miongozo hii ina mazuri yake. Inapima urefu, unene, uzito na idadi ya risasi, na inataja bei bila kuzunguka. Pia inaeleza kwa usahihi hatua za kiufundi zilizopigwa. SIG Sauer P365, iliyotoka 2018, iliingiza risasi 10 za milimita 9 kwenye bastola ya gramu 500 hivi, jambo ambalo kabla ya hapo lilihitaji bastola kubwa zaidi. Huo ni uhandisi halisi, na mwandishi anayeusifia hajakosea.

Tatizo linaanza pale sifa tatu, yaani ndogo, rahisi kwa bei na yenye nguvu, zinapowekwa kwenye jedwali moja kana kwamba kila moja inasimama peke yake. Fizikia hairuhusu hivyo.

Fizikia haina punguzo

Chukua Hi-Point C9, bastola ya bei ya chini sana, karibu dola 200. Ina uzito unaozidi gramu 800. Waandishi wengi wanaicheka kwa uzito huo, wanaiita tofali. Lakini kwa nini ni nzito? Bastola za kisasa nyingi zinatumia mfumo wa John Browning, Mmarekani aliyefariki 1926: mtutu na slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikitoka, hubaki vimefungamana kwa muda mfupi hadi msukumo wa gesi upungue. Hi-Point imeacha ufungaji huo. Kinachochelewesha slaidi isifunguke mapema ni uzito wake wenyewe na springi. Ukiondoa sehemu za kuchonga kwa ustadi, gharama inashuka, na uzito unapanda kuziba pengo. Kwa hiyo uzito ule ndio unaofanya bei iwe chini. Mwandishi anayesifia bei na kulaumu uzito kwenye ukurasa mmoja anasifu na kulaumu kitu kilekile.

Sasa tupige hesabu ya kidato cha tatu. Kichwa cha risasi ya milimita 9 kina gramu 7.5 hivi. Tuseme kinatoka kwa mita 340 kwa sekunde. Zidisha tungamo kwa kasi, unapata kama 2.55 katika kilo-mita kwa sekunde. Kiasi hichohicho lazima kirudi mkononi mwako, ukipenda usipende. Bastola ya gramu 820 itarudi nyuma kwa kasi ya mita 3.1 kwa sekunde, na nishati ya kama jouli 4. Ile ya gramu 500 itarudi kwa mita 5.1 kwa sekunde na jouli 6.5 hivi. Nimeacha gesi ya baruti nje ya hesabu, ambayo huongeza kidogo pande zote mbili. Yaani "tofali" linapiga teke kwa upole kuliko bastola ya kifahari.

Shuka zaidi hadi Ruger LCP, iliyotoka 2008, chini ya gramu 300. Inatumia risasi dhaifu zaidi, .380. Utadhani basi teke litakuwa dogo. Ukichukua kichwa cha gramu 6 na kitu kwa mita 260 kwa sekunde, bastola inarudi kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde. Risasi ni dhaifu, lakini bastola inaruka kwa kasi kuliko zote tulizozitaja. Mwongozo mmoja niliosoma umeandika kwamba hii "inamfaa anayeanza" kwa kuwa ni ndogo. Ni kama kumpa mtu anayejifunza kuogelea mtumbwi mwembamba kwa sababu ni mwepesi kuubeba.

Ongeza jiometri. Unapolenga unalinganisha alama ya mbele na ya nyuma. Ukikosea milimita 1 kwenye bastola ambayo alama zake zimeachana milimita 165, kwa umbali wa mita 7 risasi inapotoka kwa sentimita 4 na kidogo. Zikiwa zimeachana milimita 100, inapotoka sentimita 7. Kila unachopunguza ili bastola iingie mfukoni kinakurudia kama kosa la kulenga.

"Nimepiga risasi 200, haijakwama"

Sentensi hii, au ndugu yake, iko karibu kila mwongozo. Mwandishi anapiga risasi 200, bastola haikwami, anaandika "ya kuaminika kabisa". Hapa ndipo sisi watu wa takwimu tunapokohoa.

Kuna kanuni rahisi inaitwa kanuni ya tatu. Ukijaribu kitu mara n bila kosa hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha makosa hakizidi 3 gawanya kwa n. Kwa risasi 200 hiyo ni asilimia 1.5, yaani inawezekana kabisa bastola ile inakwama mara moja katika kila risasi 67 na mwandishi akawa amebahatika tu. Ili uthibitishe kwamba haizidi mara moja katika 1,000, unahitaji risasi 3,000 mfululizo bila kosa. Tuseme risasi moja ni senti 25: hizo ni dola 750. Kumbe kipimo cha uaminifu kinagharimu zaidi ya bastola yenyewe, na mazoezi ya mnunuzi nayo vilevile. Jedwali la bei halina safu hiyo.

Na hapo ni bastola moja tu, mara nyingi iliyotolewa na kiwanda chenyewe. Bastola moja haiwezi kukwambia tofauti kati ya bastola elfu za toleo hilo. LCP ileile ilirudishwa kiwandani mwezi Oktoba 2008, mwaka uleule iliotoka, kwa sababu baadhi ziliweza kufyatuka zikidondoka. Kosa la aina hiyo huligundui kwa kupiga risasi 200 uwanjani ukiwa umesimama vizuri.

Vita vya kalibu

Kurasa nyingi zaidi zinaenda kwenye ubishi wa ukubwa wa risasi. Ubishi huu una historia. Baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986, ambapo maafisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo lilianza kupima risasi kwa jeli maalumu na kutaka ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 45. Likahamia risasi kubwa, kisha miaka takriban 30 baadaye likarudi kwenye milimita 9. Vipimo vya jeli ni sayansi nzuri, vinarudiwa na vinalinganishika.

Lakini jeli inajibu swali la risasi iliyopata shabaha. Ripoti ya RAND ya 2008 kuhusu polisi wa New York ilionyesha kwamba katika majibizano ya risasi kati ya 1998 na 2006, wastani wa risasi zilizopata shabaha ulikuwa asilimia 18. Pale ambapo mtuhumiwa hakurusha risasi, asilimia 30. Hao ni polisi waliofunzwa, wenye bastola kubwa kiasi. Risasi nyingine zote zilikwenda kwingine, na barabara ya Houston usiku ina watu. Mwongozo unaotumia kurasa nne kwa kalibu na sentensi moja kwa mazoezi umepima kilicho rahisi kupima.

Swali ambalo halikuulizwa

Hata tukirekebisha hayo yote, kosa kubwa linabaki. Miongozo hii inalinganisha bastola na bastola. Hakuna hata mmoja uliolinganisha bastola na kutokuwa na bastola. Kwenye jaribio la dawa tungeuliza mara moja: kundi la kulinganishia liko wapi?

Watetezi watasema faida inajulikana, na wana utafiti wa kutaja. Kleck na Gertz, mwaka 1995, walikadiria kwamba Wamarekani hujilinda kwa bunduki karibu mara milioni 2.5 kwa mwaka. Utafiti wa serikali kwa waathirika wa uhalifu unatoa makadirio ya makumi ya maelfu tu. Pengo hilo si dogo! Sehemu ya maelezo ni ya kitakwimu: ukiwauliza watu kama 5,000 kuhusu tukio la nadra, na asilimia 1 tu wakajibu ndiyo kimakosa, ukikuza hadi watu wazima milioni 190 wa wakati ule unapata watu milioni 1.9 hewa. Kujilinda kwa bunduki kupo. Ni mara ngapi, ndilo linalobishaniwa.

Upande wa hatari una data nzito zaidi. Studdert na wenzake, mwaka 2020, walifuatilia wakazi milioni 26.3 wa California. Wanaume waliomiliki bastola walikuwa na kiwango cha kujiua kwa bunduki karibu mara 8 ya wasiomiliki, na wanawake mara 35. Je, labda wanaonunua ni watu waliokwisha kukata tamaa? Swali zuri, maana huu si utafiti wa kupanga watu kwa bahati nasibu. Ila wamiliki hawakuzidi wengine katika kujiua kwa njia nyingine, na zaidi ya nusu ya vifo vile vya bunduki vilitokea baada ya mwaka mzima kupita tangu kununua. Utafiti wao wa 2022 ukaongeza kwamba watu wanaoishi nyumba moja na mmiliki wa bastola waliuawa kwa kiwango kinachozidi mara mbili. Kitaifa, mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani, na 26,328 kati yao walijiua.

Sasa rudi kwenye jedwali la mwongozo. Urefu, unene, uzito, risasi, bei. Bastola hiyo itakaa mfukoni saa chache na nyumbani miaka mingi. Jedwali zima limeandikwa kwa ajili ya sekunde tatu kwenye uchochoro.

Nilimpigia rafiki yangu, nikamweleza haya kwa kirefu kuliko alivyotaka. Akanijibu, na ana haki, "Ndugu yangu, takwimu hazikuwa kwenye gari ile." Sikuwa na jibu. Kisu shingoni ni kisu shingoni, na mimi nilikuwa nimelala kwangu. Lakini kisu kilikuwa kimeshafika shingoni akiwa ameshika usukani, na hakuna bastola kwenye orodha ile, ya dola 200 wala 600, ambayo angeitoa kiunoni chini ya mkanda wa gari. Hilo alilikubali mwenyewe.

Kisha nikamuuliza kitu ambacho mwongozo haukumuuliza: "Nyumbani mnaishi wangapi?" Akanyamaza kidogo. Yeye, mkewe, mtoto wa miaka minne, na shemeji yake aliyehamia kwao baada ya kupoteza kazi. "Shemeji siku hizi halali," akasema. "Anakaa sebuleni hadi asubuhi, taa imezimwa."

Hajanunua bado. Amehamia zamu ya asubuhi, kipato kimeshuka, na sijui atavumilia hadi lini. Kuhusu shemeji, wiki iliyofuata alikwenda naye kwa daktari, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko hesabu zangu zote.

Wewe ukikutana na orodha ya "kumi bora", iwe ya bastola, ya dawa za usingizi au ya pikipiki, tafuta safu iliyokosekana kwenye jedwali. Kwenye hii ilitakiwa iandikwe: nani mwingine ana ufunguo wa nyumba yako, na siku hizi analala vizuri?