Mizani ya Ubao: Mchora Mabango wa Busia na Malaba kama Mtunzi

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umekwisha kukubali kwamba fasihi haikai kitabuni peke yake. Majina ya kanga, ambayo hutungwa na watu wasiotajwa na kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa, yamechunguzwa kama mawasiliano na kama sanaa ya lugha. Maandishi ya magari nayo yamepata wachambuzi wake. Anayeelekea kusahauliwa ni mchora mabango wa kujitegemea: fundi asiye na mwajiri, anayelipwa kazi kwa kazi, na ambaye herufi na picha zake huonekana juu ya milango ya maduka, hoteli na vinyozi. Makala haya yanaichunguza kazi hiyo katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Hoja inayotetewa ni kwamba masharti yanayomfunga fundi huyu, yaani upana wa ubao, mfuko wa mteja, mwendo wa msomaji na wingi wa lugha, ndiyo kanuni za utunzi wake. Hoja hiyo ina matokeo. Ikiwa bango ni utunzi, basi kubadilika kwa mwenye kuliandika ni suala la fasihi, wala si la biashara peke yake.

Fundi mbele ya uhakiki

Katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu sanaa pendwa barani Afrika, Karin Barber alionyesha jinsi wataalamu walivyozoea kuzigawa sanaa katika mafungu mawili, la jadi na la wasomi, huku sanaa nyingi za mijini zikibaki nje ya yote mawili. Mchora mabango ni wa huko nje. Hata anapotambuliwa, aghalabu hutambuliwa baada ya kuiacha kazi yake. Chéri Samba alichora mabango Kinshasa kabla ya picha zake kuingia katika maonyesho ya Magiciens de la terre jijini Paris mwaka 1989. Joseph Bertiers alichora mabango na kuta za baa Nairobi kabla ya kupokewa katika kumbi za sanaa. Maisha ya wasanii kama hao husimuliwa kama safari ya kupanda ngazi: bango liko chini, turubai iko juu. Anayebaki na bango hana historia.

Kipimo kinachotumika hapa ni uhuru wa msanii mbele ya mteja. Kipimo hicho ni kigeni kwa mapokeo ya ushairi wa Kiswahili. Tangu Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, wahakiki wamejadiliana kwa ukali juu ya ulazima wa vina na mizani. Hata hivyo, mapokeo yenyewe yanaonyesha wazi kwamba kubanwa na kanuni hakumwondolei mtu utunzi. Malenga hupimwa kwa yale anayoyatenda ndani ya kanuni. Haki hiyo hiyo yafaa apewe fundi wa ubao.

Msomaji wa mpakani

Kanuni za fundi zinaanza kwa msomaji wake. Busia ni jina la miji miwili, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Malaba ni hivyo hivyo. Waluhya na Wateso wana jamaa pande zote mbili. Malaba inapitiwa na barabara kuu itokayo Mombasa na Nairobi kupitia Eldoret, na pia na reli iliyofika Kampala mwaka 1931. Busia iko kwenye njia ya Kisumu. Kwa hiyo msomaji wa bango anaweza kuwa mkulima wa Kiteso, mchuuzi kutoka Uganda, au dereva wa lori aendaye Kigali. Neno bodaboda lenyewe, ambalo asili yake huelezwa kuwa wito wa waendesha baiskeli waliovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine katika miaka ya 1960 na 1970, ni kielelezo cha lugha ya mahali hapa: neno la Kiingereza limefinyangwa kwa sauti za Kibantu, likarudiwa, likawa la kila mtu.

Wasomaji hao hawakisomi Kiswahili kwa usawa. Uganda ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini kwa Waganda wengi bado kilibeba kumbukumbu ya kambi za jeshi. Mchora mabango wa upande wa Kenya anamwandikia mtu anayekijua Kiswahili cha shule na, kwenye ubao huo huo, mtu anayekijua cha sokoni tu.

Uchambuzi wa matini tatu

Zichukuliwe fomula tatu ambazo zimeenea mbali zaidi ya Busia, lakini ambazo mpakani zinapata uzito wa pekee. Ya kwanza ni "Chakula tayari". Maneno ni mawili na kitenzi hakuna. Neno "tayari" halibebi kiambishi cha upatanisho, hivyo msomaji asiyezimudu ngeli halazimiki kuzipitia ili aelewe. Herufi zikiwa chache, fundi anaweza kuzikuza hadi zisomwe na abiria aliye juu ya baiskeli. Ufupi wa lugha na ukubwa wa herufi ni uamuzi mmoja.

Ya pili, ambayo maneno yake hutofautiana kidogo kutoka duka hadi duka, ni "Leo pesa, kesho mkopo". Hapa pana vipande viwili vilivyotenganishwa na kituo, cha mizani 4 na cha mizani 5, na irabu ya mwisho ya "leo" inarudi katika "kesho" na "mkopo". Pia hakuna kitenzi. Lakini nguvu ya matini hii inatokana na chombo chake. Ingesemwa kwa mdomo ingekuwa ahadi, na mteja angerudi kesho yake kudai. Ikiandikwa ubaoni haina tarehe: kila siku anayoisoma mteja ni leo, na kesho haifiki. Mwenye duka amekataa bila kutamka neno "hapana", na heshima ya pande zote mbili imesalimika. Kejeli hiyo inategemea kabisa kudumu kwa rangi juu ya ubao.

Ya tatu ni "Ploti hii haiuzwi". Sarufi imebadilika ghafla: kuna kiashiria, kuna kitenzi cha kutendwa, na upatanisho umekamilika. Mpita njia si mlengwa mkuu tena. Bango linamwonya mnunuzi anayeweza kutapeliwa, na nyuma yake linamwambia tapeli, ambaye huenda ni ndugu wa mwenye ardhi, kwamba amejulikana. Kauli ya kutendwa inamficha mwenye mali, na ugomvi wa ukoo unapata sauti ya sheria. Fundi anayeziandika zote tatu kwa brashi moja anazijua rejista zake.

Haitakuwa haki kudai kwamba mabango yote yana ubora huo. Mengi ni nakala za nakala, na Kiingereza kimejaa juu ya milango kwa sababu mteja anataka hadhi. Hata hivyo, mara nyingi pana mgawanyo wa kazi unaostahili kuchunguzwa: jina la biashara huwa la Kiingereza, na pale mteja anapoambiwa la kufanya, lugha hugeuka kuwa Kiswahili.

Rangi juu ya rangi

Si mbali na Malaba, katika Kaunti ya Busia, kuna mwamba wa Kakapel, ambao michoro yake ya duara na ya ng'ombe inahusishwa na watafiti na jamii na vipindi tofauti. Waliochora baadaye walitumia uso uliokwisha kuchorwa. Hakuna haja ya kudai urithi wa moja kwa moja kati ya mwamba huo na ukuta wa duka. Faida yake ni ya mbinu: Kakapel inasomwa kwa tabaka, na ukuta wa mjini nao haueleweki bila kuuliza ni nani alipaka juu ya nani.

Swali hilo ndilo lenye uzito leo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, kijani cha Safaricom kimeenea madukani Kenya, kama manjano ya MTN yalivyoenea Uganda. Kampuni hupaka duka zima kwa gharama yake, na jina la mwenye duka hubanwa pembeni. Matokeo yake mpakani ni ya ajabu. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kilikusudiwa kupunguza uzito wa mpaka. Rangi za kampuni zimeuchora upya, hata mgeni anaweza kujua yuko nchi gani kwa kutazama kuta. Bango la fundi, lenye maneno yanayoeleweka pande zote mbili, lilikuwa likiufuta.

Wapo wanaoilaumu kompyuta. Ni kweli kwamba mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine yamechukua nafasi ya mengi yaliyoandikwa kwa brashi, na kwamba fundi anayetumia CorelDRAW huchagua herufi zilizobuniwa mbali. Mkono umepoteza kitu hapo. Lakini fundi huyo bado anaketi na mteja, wakabishana juu ya neno, na wote wawili wanamjua atakayelisoma. Bango la kampuni huamuliwa makao makuu kwa ajili ya mji wowote. Tofauti ya msingi, basi, haiko kati ya brashi na mashine. Iko kati ya matini yenye msomaji wake na matini isiyomjua.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mchora mabango wa Busia na Malaba anatunga chini ya kanuni zinazoweza kuelezwa na kuhakikiwa: uhaba wa nafasi, ngeli zinazoepukwa au kutumiwa kwa makusudi, na kudumu kwa maandishi kama sehemu ya maana. Kazi inayofuata ni ya uwandani. Mabango yapigwe picha kabla ya kupakwa rangi nyingine, mafundi waulizwe sababu za maneno waliyoyachagua, na majina yao, kwa ridhaa yao, yaandikwe kando ya kazi kama yanavyoandikwa ya washairi. Idara za Kiswahili zinao wanafunzi wanaopita chini ya mabango hayo kila likizo. Ukuta uliokwisha kupakwa kijani hausomeki tena.