Dawa Nne kwa Bakteria Mmoja

Mwaka 1948 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Nafuu ilikuja upesi, kisha wengi wakazidiwa tena. Bakteria wachache wenye usugu walikuwa wamesalia, wakazaana, wakalijaza pafu upya. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi wa kuchanganya dawa, na kwangu ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za akili ya binadamu.

Msingi wake ni hesabu. Kati ya bakteria milioni moja hivi, mmoja huwa tayari ni sugu kwa isoniazidi. Kwa rifampisini, ni mmoja kati ya milioni 100. Pango moja la pafu huweza kubeba bakteria milioni 100 na zaidi, kwa hiyo dawa ikienda peke yake haikosi kukutana na wanaoihimili. Wa kuzihimili zote mbili, hata hivyo, ni mmoja kati ya trilioni 100.

Isoniazidi huua wanaozaana kwa kasi. Rifampisini huwawahi hata wale waliosinzia wanaozinduka kidogo tu. Ninayoistaajabia zaidi ni pirazinamidi. Kwenye sahani ya kawaida ya maabara haifanyi karibu chochote, kwani huhitaji asidi, na asidi ipo kwenye uvimbe wanamojificha bakteria wakaidi. Uwezo wake ulionekana kwa panya. Ethambutoli huongezwa kama kinga, endapo mojawapo ya hizo imeshapoteza makali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 michanganyiko ya muda mfupi ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Rifampisini au pirazinamidi ilipoongezwa juu ya streptomaisini na isoniazidi, miezi 6 ikafanya kazi iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wagonjwa wetu wana mchango mkubwa katika tiba hii, nasi hatuutaji vya kutosha.

Kwa kifua kikuu sugu, ufundi ule ule umeendelea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini: vidonge vitupu kwa miezi 6, bila zile sindano zilizowaacha baadhi ya wagonjwa viziwi. Linezolidi huumiza neva na kupunguza damu, basi watafiti wakajaribu kuishusha kutoka miligramu 1,200 kwa siku hadi 600, na tiba ikabaki na nguvu. Kupunguza namna hiyo kunadai ujuzi kuliko kuongeza.

Mchanganyiko ukishindwa, daktari mjuzi haongezi dawa moja mpya, maana bakteria waliokwisha kuzishinda nyingine wataikuta peke yake. Mgonjwa anayechagua kidonge kimoja na kuacha vingine huwapa nafasi hiyo hiyo. Ukiandikiwa dawa hizi, zimeze zote pamoja hadi siku ya mwisho. Ikikusumbua moja, rudi kliniki kabla ya kuiacha.