Nafasi ya Pengo katika Herufi za Stensili

Pengo la herufi ya stensili lina asili ya ulazima: bila vidaraja vya bati, kitovu cha O kingedondoka. Gerry Powell alipoisanifu fonti ya Stencil mwaka 1937, yenye herufi kubwa tupu na mistari minene, aliifungamanisha na makreti na maghala. Fungamano hilo limewapotosha wahakiki wengi. Nchini Ufaransa, karne mbili kabla yake, stensili ilichapa vitabu vikubwa vya nyimbo za kanisa. Na mwaka 1781 Benjamin Franklin alinunua Paris seti ya herufi za namna hiyo kutoka kwa fundi Bery.

Umaridadi, kwa hoja ya mtafiti, hutegemea mahali pa mkato. Katika herufi za mtindo wa Didot, O hukonda juu na chini. Pengo likiwekwa hapo, jicho hulijaza lenyewe. Likikata shina nene, huwa pambo tu, kwani kompyuta haihitaji kidaraja. Hata lililowekwa vyema hufaa mabango na majalada. Katika matini ya pointi 10 maneno humeguka, na msomaji huokota vipande.