Programu Inayofika Bulyaga

Paa la nyumba ya Tukuyu halisifiwi siku fundi anaposhuka ngazi. Linasubiriwa mvua ya Aprili. Huku Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mtu wa kata ya Bulyaga akikuambia kwamba bati hili limepigwa na fundi, ujue amelala chini yake masika mazima. Kipimo hicho nataka kukitumia kwa kazi nyingine ambayo haijapata waimbaji: kazi ya mtu anayehakikisha kwamba msaidizi wa akili mnemba, yule anayeendeshwa kwenye dirisha jeusi la amri, anasakinishika bila vita, hazimiki ovyo, na anafanya kazi kwenye kompyuta yoyote atakayoikuta.

Dirisha lenyewe halina picha wala vitufe. Unaandika unachotaka, unabonyeza Enter, msaidizi anasoma mafaili yako, anajibu, na ukimruhusu anayarekebisha. Maandishi matupu hayamalizi bando, na kompyuta ya mtumba kwenye steshenari yenye Windows ya zamani inayamudu. Kwa sababu hiyo naamini chombo hiki kinatufaa sisi wa huku pengine kuliko wale waliokitengeneza. Tatizo ni kwamba mara nyingi kimejaribiwa kwenye mashine za waliokitengeneza tu.

Chukua jambo dogo kama jina la folda. Rungwe ni wilaya ya maziwa, na katibu wa kikundi cha wafugaji hana kosa akiweka hesabu zake kwenye folda iitwayo Ng'ombe wa Maziwa. Lakini kwenye mifumo ya ukoo wa Unix, nafasi kati ya maneno huhesabiwa kuwa mpaka wa kitu kimoja na kingine, na ile ritifaa ya ng' hufungua nukuu. Mashine inakaa kimya ikisubiri nukuu ifungwe, na katibu anakaa akiisubiri mashine. Fundi aliyeiva hachanganyi majina ya mafaili ndani ya sentensi moja ya amri. Kila jina hulipitisha peke yake, likiwa zima, na ritifaa yake. Hakuna atakayempigia makofi kwa hilo. Katibu atafungua hesabu zake tu, aendelee na kazi.

Mitego ya namna hii ni mingi, na kila mmoja una historia. Windows hutenganisha folda kwa mkwaju ulioinama nyuma, urithi wa MS-DOS ya mwaka 1983, wakati Linux hutumia ule wa mbele. Kwa Linux, Barua na barua ni mafaili mawili. Kwa Windows, kwa kawaida, ni moja. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja, na alama hiyo ya ziada inatosha kuifanya Linux ikatae kuendesha faili la amri, ikidai kwamba kitu fulani hakipo wakati wewe unaliona faili hapo mbele yako. Nimewaona vijana wenye akili wakikata tamaa ya kompyuta kwa sababu ya alama hiyo moja. Wanadhani wao ndio hawafai.

Halafu kuna umeme na bando, na hapa ndipo ninapomheshimu fundi kuliko mahali pengine popote. Mfumo wa lugha, ile akili yenyewe ya msaidizi, ukiwa na vigezo bilioni 7 na ukishabanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, bado una ukubwa wa GB 4 hivi. Ukiupakua Bulyaga siku ya ngurumo, umeme ukakatika ukiwa umebakiza kidogo, programu mbovu itaanza upya kutoka sifuri, na bando lililokwenda limekwenda. Iliyotengenezwa kwa huruma huuliza kwanza: tuliishia wapi? Itifaki ya wavuti imeruhusu kuomba kipande cha faili tangu miaka ya 1990. Kinachohitajika ni mtu wa kujali. Kipande cha mwisho kikifika, programu hukokotoa alama ya SHA-256 ya faili zima na kuilinganisha na ya chanzo, ili usije ukalaumu akili ya mashine kumbe faili liliharibika njiani. Mipangilio yako nayo haiandikwi juu ya ile ya zamani. Nakala mpya huandikwa pembeni, ikishakamilika ndipo hupewa jina la ile ya kwanza. Umeme ukikatika kabla ya hapo, una ya zamani. Ukikatika baadaye, una mpya. Nusu faili huwezi kulikuta.

Hata kusubiri kuna ufundi wake. Mtandao ukigoma, programu isiyo na adabu hugonga mlango mfululizo. Ile nzuri husubiri kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena, kwa muda wa kubahatisha ili wote wasirudi kwa pamoja. Kusubiri kwa kubahatisha kulianzia kwenye ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa vya Hawaii mwaka 1971, pale ambapo kuvuta waya kulikuwa kugumu.

Mfano huo wa ufundi kuzaliwa penye uhaba si wa pekee. Mfumo wa Unix ulizaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, na kwa miaka kadhaa ulitembea kwenye kompyuta za kampuni moja. Mwaka 1977, Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, aliuhamishia kwenye Interdata 7/32, kwa kuwa hiyo ndiyo mashine chuo chake kilichokuwa nayo. Wenyewe Bell Labs walikuwa bado wanahangaika na uhamisho wao. Machi 2023 Georgi Gerganov, Mbulgaria, alitoa llama.cpp ili mfumo mkubwa wa lugha uendeshwe kwenye laptopu, na ndani ya siku chache watu wengine walikuwa wameufikisha kwenye Raspberry Pi na simu za Android. Mimi nasoma historia hiyo hivi: anayeijua vyema kazi ya kuhamisha programu ni yule ambaye mashine yake haikufikiriwa. Kompyuta ya mtumba ambayo prosesa yake ni ya kabla ya 2011 haina maelekezo ya AVX, na baadhi ya programu za leo hufa papo hapo zikiigusa. Kijana wa Bulyaga aliyehangaika nayo anajua jambo ambalo mhandisi mwenye mashine mpya hana namna ya kulijua.

Liko pia suala la lugha ya kosa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, kwa hiyo hatuwezi kusema haiwezekani. Msaidizi anayejibu maswali kwa Kiswahili kizuri halafu akikwama anatapika mistari 40 ya Kiingereza amemwacha mtu njiani. Aseme: mtandao umekatika, MB 3,100 zimehifadhiwa, rudia amri ile ile tuendelee. Sentensi hiyo humchukua mwandishi wake mchana mzima, maana lazima kwanza ajue kwa hakika nini kimeharibika, nini kimesalia, na mtumiaji afanye nini.

Nawaomba basi vijana wanaosoma kompyuta Mbeya na kwingineko: msione haya kuanzia hapa. Miradi mingi ya aina hii iko wazi, yeyote anaruhusiwa kuripoti hitilafu na kutuma marekebisho. Tengenezeni folda yenye ritifaa na nafasi katika jina lake, chomoeni waya wa umeme katikati ya upakuaji, tumieni laptopu kuukuu kuliko zote mtaani, kisha andikeni mlichokiona na mtume.