Rubanga na Kibiongo: Hoja ya Chanzo katika Uhakiki wa Okot p'Bitek

Katika African Religions in Western Scholarship, kitabu kilichotolewa na East African Literature Bureau mwanzoni mwa miaka ya 1970, Okot p'Bitek anasimulia kisa cha Acholi, kaskazini mwa Uganda, cha mwaka 1911. Mapadre wa Kiitalia waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Lugha ya Waacholi haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana waliyoikusudia mapadre, hivyo swali likawafikia wazee kama kuulizwa ni nani aliyewafinyanga. Wakajibu kwamba hawajui. Mtu huzaliwa na mama yake. Walipobanwa watoe jibu, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kushikwa na maradhi ya uti wa mgongo, akapinda, akawa na kibiongo kana kwamba amefinyangwa upya, na aletaye dhara hilo huitwa Rubanga. Basi Rubanga ndiye afinyangaye watu. Hivyo, kwa maelezo ya Okot, jina la pepo wa kibiongo likawa jina la Mungu Muumba.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama kichekesho cha tafsiri. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kukisoma kwa makini zaidi, kwani kitenzi chao cha kuumba nacho kimetoka katika udongo: mzizi wake wa Kibantu ni ule wa kufinyanga. Kwa hiyo lugha ya mfinyanzi inaweza kulibeba wazo la Muumba. Lililokwama mwaka 1911 ni mantiki. Mtu huhitimisha kwa ushahidi gani kwamba kitu asichokiona kipo, na akishahitimisha ana haki ya kukisemea mangapi?

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alishikilia kwamba katika mambo ya hakika kivuko cha kutoka kwenye kionekanacho hadi kisichoonekana ni kimoja tu, yaani uhusiano wa sababu na tokeo, na kwamba uhusiano huo hujulikana kwa tajiriba. Katika An Enquiry Concerning Human Understanding (1748) aliongeza sharti ambalo husahauliwa: sababu iliyohitimishwa kutokana na tokeo isipewe sifa kupita zile zinazotosha kulileta tokeo hilo. Aonaye mgongo uliopinda anaweza kusema kuna kinachoupinda. Hawezi, kwa mgongo huohuo, kusema kwamba kinachoupinda kiliumba mbingu na nchi. Kwa kipimo hiki mzee wa Kiacholi alikuwa karibu zaidi na mantiki kuliko waliomhoji. (Robert Koch alikuwa ametangaza kimelea cha kifua kikuu huko Berlin mwaka 1882, miaka 29 kabla ya mahojiano hayo. Jibu la mzee lingeweza kupelekwa kwa mganga wa hospitali. Likapelekwa kwa mwanatheolojia.)

Hadi hapo Okot ana nguvu. Udhaifu wake unaanza anapolikunja sharti hilo kabla halijawafikia watu wake mwenyewe. Katika Religion of the Central Luo (1971) anasisitiza kwamba jok si nguvu moja iliyoenea kila mahali. Kila jok ana jina lake na dhara lake. Ni sahihi. Lakini kwamba kinachopinda mgongo kina nia, kinakasirika na kutulizwa kwa kafara, hilo nalo halimo katika mgongo. Mgonjwa asipopona, jina jingine linaweza kutafutwa. Tajiriba inaruhusiwa kusahihisha jina, hairuhusiwi kusahihisha aina ya kitu kinachotajwa. Okot, aliye mkali mno kwa John Mbiti na wenzake kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani, analipita suala hili kimyakimya.

Pia kisa chenyewe ni hoja ya chanzo. Tokeo ni jina la Mungu katika Biblia ya Kiacholi. Sababu inayotajwa ni mahojiano ya 1911. Hata hivyo, majirani Wanyoro wana Ruhanga, Muumba, ambaye jina lake linatokana na kitenzi chao cha kuumba. Mfanano wa majina si ithibati, lakini ni sababu shindani, na aliyehakiki hitimisho la wengine alipaswa kuipima kwa uzito zaidi.

Kampala ilikuwa na mfano uliomfaa Okot. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliona uvimbe wa taya kwa watoto, akauchora kwenye ramani, na mwaka 1961 akasafiri takriban maili 10,000 kufuata mpaka wake. Ugonjwa ulitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Akahitimisha kwamba huenda kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi katika chembe zilizokuzwa London kutokana na uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Baadaye ikadhihirika kwamba kirusi hicho kimeenea duniani kote na huambukizwa kwa mate. Ramani ilikuwa ya kweli, kirusi kilikuwapo, na mbu alihusika. Ila mzigo wa mbu ulikuwa malaria. Hitimisho la Burkitt liliacha nafasi ambayo tajiriba ingeweza kuingia na kulirekebisha. Rubanga wa katekisimu hakuachiwa nafasi hiyo.

Suala hili limerudi Acholi. Ugonjwa wa kutikisa kichwa, uliowakumba watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo, umepewa jina la kile kionekanacho, na hiyo ni busara. Tafiti zimeuhusisha na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, na wagonjwa wapya walipungua baada ya ugawaji wa ivermektini na unyunyiziaji wa dawa mitoni kuimarishwa mwaka 2012. Namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inabishaniwa. Mwandishi wa bango la afya ana vitenzi viwili mbele yake: "huhusishwa na" na "husababishwa na". Cha kwanza kinatosha kuhalalisha dawa na unyunyiziaji. Akiandika cha pili, na mtoto aliyemeza dawa kila mwaka akaanza kutikisa kichwa, mama yake atakuwa amepewa jina lisiloweza kuulizwa swali.