Karani wa Pangani na Nchi ya Kusadikika

Msomaji mpenzi, yaelekea ulilisikia jina la Shaaban Robert kabla hujafungua kitabu chake hata kimoja. Jina likitukuzwa mno, msomaji kijana ama huliinamia ama hulikimbia. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili. Keti naye, umsikilize, kisha umhoji.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hata 1926, kisha akaingia ukarani wa forodha Pangani. Baadaye alihamishiwa Mpwapwa katika idara ya wanyama, akarejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya jimbo na ile ya upimaji. Likumbuke jambo hili: tangu ujana wake hata karibu na mauti yake, yaliyomfika 1962, mtu huyu alikula jasho la ukarani. Mchana kalamu yake ilikuwa ya serikali. Riwaya na mashairi yalipata saa zilizosazwa na kazi.

Nilipokuwa katika chuo cha walimu nilikuwa na hukumu moja juu ya riwaya zake, nayo ilinipendeza kama hukumu za vijana ziwapendezavyo wenyewe. Nilisema kwamba watu wake ni majina matupu. Hasidi hana budi kuhusudu, Majivuno hana budi kujivuna, na Adili hawezi kuwa ila mwadilifu. Msomaji akilijua jina, amekwisha kuujua mwisho. Tena, nilisema, wema katika vitabu hivi hulipwa kama mshahara wa karani, bila kukosa. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951, Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea mbele ya baraza, na mfalme anasadiki. Utubora naye anaiacha kazi ya mjini, anakwenda kulima Busutamu, na raha inamfuata huko. Ni nani kati yetu aliyeona dunia ikienda hivyo?

Mwaka mmoja nilifundisha Kusadikika kwa kidato cha tatu. Msichana mmoja, aliyekuwa amefiwa na mama yake muhula uliotangulia, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama mfalme angalikataa, je, maneno ya Karama yangalikuwa uongo?"

Darasa likanyamaza. Nilitambua ya kuwa hakuuliza juu ya Karama peke yake. Nilimwambia tutaendelea kesho, nami nilikwenda nyumbani sina jibu.

Usiku ule nilikisoma Maisha Yangu, kitabu alichoandika Shaaban Robert juu yake mwenyewe. Humo hamna nchi inayoelea hewani, wala mfalme wa kusadikishwa kwa hoja. Mna karani aliyefiwa na mkewe, Amina. Mtu huyu alikuwa Mwislamu mwenye imani, na mimi nilitazamia imani hiyo imletee maelezo ya kifo. Badala yake niliona imani ikimpa kazi ya kufanya. Aliandika shairi la maombolezo. Alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe, akawagawia watoto wasia kama baba mwingine agawavyo mashamba. Kazi ya ofisi nayo ilimngoja, akaifanya.

Niliporudi katika Kusadikika niliona jambo ambalo haraka yangu ilikuwa imelificha. Kabla ya Karama walikuwapo wajumbe sita, waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, kuitafutia nchi yao manufaa. Walirudi na heri mikononi, wakalipwa adhabu. Utetezi wote wa Karama ni kuwakumbusha wasikilizaji habari za watu hao. Ushindi wa mmoja umesimama juu ya kushindwa kwa sita. Walichokileta kilikuwa kweli siku walipoadhibiwa kama kilivyokuwa kweli siku mfalme aliposadiki. Mfalme hakuitengeneza kweli, aliikuta.

Sisemi kwamba hukumu yangu ya kwanza ilikuwa kosa tupu. Majina yale bado huwahi kusema mengi kabla ya matendo, na Utubora bado hufanikiwa kwa wepesi mno. Mhakiki asiyeziona dosari za mwandishi ampendaye hamsaidii mtu. Lakini mtazame Adili, anayewapiga kila usiku kwa amri manyani wawili ambao ni nduguze waliogeuzwa, kisha akawahurumia na kuwalisha. Hilo si jina tupu. Ni mtu ambaye wema wake unamwumiza.

Kwa hiyo, msomaji, nakushauri uzisome riwaya za Shaaban Robert pamoja na Maisha Yangu, kimoja kando ya kingine. Riwaya yakuambia mambo yapasavyo kuwa. Kitabu cha maisha chakuonyesha mtu afanyavyo siku ambazo hayako hivyo. Ukisoma riwaya peke yake, waweza kudhani kwamba imani ni mapatano: nitende mema, nilipwe. Mwandishi mwenyewe hakulipwa hivyo. Kufikirika kilitoka 1967 na Utubora Mkulima 1968, naye alikuwa kaburini. Aliviandika vizuri vitabu ambavyo hakujaliwa kuviona.

Kesho yake nilimjibu yule msichana kwa neno moja: "Hapana." Kisha nikamwazima Maisha Yangu. Hakukirudisha upesi, wala sikumdai.