Wimbo wa Njiani na Kipimo Chake

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa methali hiyo mwimbaji wa njiani huhukumiwa kabla ya kusikilizwa: amejitembeza, basi ni mbaya. Hukumu hiyo si ya haki, na mfano wa Mwenda Jean Bosco watosha kuitengua.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika Katanga, miongoni mwa Wayeke, watu ambao jadi yao ilitoka Unyamwezi na Usumbwa katika karne ya 19 pamoja na Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta katika njia za mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, akipiga gitaa peke yake. Hakuwa na kundi wala jukwaa. Kidole gumba kilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikacheza juu ya nyembamba, na gitaa moja likasikika kama mawili yanayojibizana. Ndivyo "Masanga" ilivyotiwa katika santuri ikaenea duniani.

Je, sanaa ya namna hii ipimwe kwa nini? Jirani na nchi ya asili ya Wayeke kiko kipimo cha zamani. Huko Sapiwi, katika Bariadi ya Mkoa wa Simiyu, kama katika Usukuma yote, mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu yanajulikana sana. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na kila mtazamaji yu huru kuhama upande huu kwenda ule. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Njia ya mji ina sheria iyo hiyo: asikilizaye hana kiti wala tiketi ya kumfunga, akichoshwa huenda zake.

Hata hivyo kipimo hiki kina kasoro. Kuhesabu watu humsukuma msanii kutafuta vituko vya kuonekana kwa mbali, na ndiyo maana katika ngoma za Usukuma hata chatu huchezwa. Gitaa lisilo na kipaza sauti haliwezi kushindana hivyo. Husikiwa na wachache waliosimama karibu. Uchache huo si upungufu. Ukaribu ndio unaomwezesha msikilizaji kutambua kila badiliko la vidole, na mpigaji kutambua uso uliochoka.

Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda kwa makini, akiutazama kama utungaji wa papo kwa papo. Alikuwa na haki. Lakini upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi, na mhakiki aliyesikia santuri tu hudhani wimbo una umbo moja lisilobadilika. Mwenda alifariki mwaka 1990. Santuri imehifadhi sauti yake, lakini haikuhifadhi wapita njia waliokuwa huru kumwacha, nao wakasimama. Kizuri kikijitembeza hakigeuki kibaya, kimejitoa kupimwa.